Mwaitu, Jiko Limerudi Ukutani

Mpendwa Mwaitu, mama yangu,

Nakuandikia nikiwa jikoni mwa hoteli yako, hapa Salama, nimekalia lile debe lako la unga, na barabara ya Mombasa nimeipa mgongo. Ungekuwa hai ungecheka, kwa sababu unajua mimi siwezi kukaa hivi. Tangu utotoni shingo yangu ni ya kuangalia nani amefika na nani amepita bila kusimama. Leo nimejilazimisha.

Wacha nianze na kosa, maana najua ungeniuliza.

Unakumbuka ulivyokuwa ukipika? Ulisimama mbele ya jiko la matofali, uso ukutani, malori yakipita nyuma yako kana kwamba hayakuhusu. Nilikuwa nikitoka shule nakukuta na leso yako yenye matundu ya cheche, unaonja muthokoi kwenye kiganja. Mahindi yaliyokobolewa, maharagwe, kitunguu na chumvi, basi, na watu walikula mpaka wakafuta sahani kwa vidole. Siku moja nilikuuliza mbona hupiki ukiangalia barabara, uone wateja wakija. Ukasema, "Upepo wa barabara unazima moto. Leta kuni." Nikaleta kuni, nikaamini ni upepo.

Ulipotuacha na hoteli ikawa yangu, Mama Ciku alifungua yake ng'ambo ya barabara. Ni mtu mzuri, na hilo ndilo linaloniuma. Kila asubuhi hunipungia mkono na kuita, "Umeamkaje, jirani!" Nami humpungia huku nikihesabu malori yaliyoegeshwa kwake. Akipaka ukuta rangi, naugeukia wangu nione ulivyochakaa. Akiweka picha ya pilau kwenye simu, naiangalia kabla hata sijaomba. Kanisani akisimama kushuhudia jinsi Bwana alivyompanulia hoteli, mdomo wangu unasema amina na moyo unauliza, na mimi je?

Ili nimwone vizuri zaidi, nikaleta fundi kijana kutoka Malili. Nilimwambia avunje jiko lako ajenge jipya upande wa mbele, chini ya dirisha, niwe napika nikitazama nje. Alimwaga simiti juu ya sakafu bila kuchimba, akapanga matofali, siku mbili akamaliza. Tangu hapo sikupika tena, kazi yangu ikawa kulinda hoteli ya mtu mwingine. Chapati ziliungua nikimtazama dereva akishuka ng'ambo. Chai ilifurika. Chumvi nilitia mara mbili, au nikasahau kabisa. Na niliposikia watu wakimsifu kwa chipsi na pilau, nikanunua mashine ya chipsi na kuacha muthokoi. Nilijiambia inakula kuni nyingi, na nani siku hizi anataka chakula cha zamani?

Katana ndiye aliyekitaka. Unamkumbuka, yule dereva wa Mombasa uliyekuwa ukimwekea sahani juu ya rafu, umeifunika na nyingine, hata kama hujui atapita lini. Miaka yote hiyo hakuwahi kupita Salama bila kusimama kwetu. Miezi miwili iliyopita aliketi mahali pake, nikamletea chipsi. Akaziangalia.

"Mwanangu, muthokoi imekwisha?"

"Siku hizi hatupiki, baba. Lakini hii chipsi ni ya moto, nimetoa saa hii."

"Chipsi hata kwetu zipo," akasema, wala hakuwa na ukali. "Hapa mimi nilikuwa nashuka kula kwa mamako."

Alikula nusu, akanawa, akaniaga vizuri. Safari iliyofuata nililiona lori lake kupitia dirisha langu. Lilikuwa limeegeshwa ng'ambo. Nilisimama na mwiko mkononi mpaka mafuta yakaanza kutoa moshi, nikalia kama siku tuliyokuzika. Hakuna aliyeninyang'anya Katana. Nilimfukuza mwenyewe, nikiwa nimeangalia upande mwingine.

Baada ya hapo nilianza kuogopa hata kufungua mlango asubuhi. Niliona hoteli yako ikinifia mikononi, na watu wakisema, si mnaona, mama yake aliweza. Mwishowe nikamwita Fundi Musyoka arudishe jiko ukutani. Unaujua mdomo wake. Alipovunja ile simiti ya kijana wa Malili, sururu yake ikagonga kitu. Yalikuwa matofali ya zamani, meusi kwa moto, yamepangwa vizuri chini ya dirisha langu. Nikamuuliza ni ya nini.

"Si ni jiko ya mama yako," akasema bila kuinua kichwa. "Ile ya kwanza kabisa. Mimi na baba ndio tulijenga. Alafu hata mwaka haijaisha, akatuita tutoe tupeleke kwa ukuta. Msingi tukaacha hapo chini."

"Juu ya upepo?"

"Upepo gani?" Alicheka mpaka akaiweka sururu chini. "Alisema shingo inamuuma. Ati kila saa ni kuangalia hoteli ya yule Mama Nthenya alikuwa hapo ng'ambo, mpaka ugali inamuungulia. Nyinyi watu wa hii hoteli mnapenda kuzungusha jiko sana!"

Nilikaa juu ya kifusi, Mwaitu. Kwanza nilikukasirikia. Nimejiona mtu mbaya siku zote hizi, mwenye kijicho cha kuchoma, nikidhani wewe ulizaliwa umetulia na mimi ndiye niliyeharibika. Kumbe ulikuwa na ugonjwa uleule. Kwa nini uliniambia upepo? Labda uliniona mdogo. Labda uliona aibu, kama mimi ninavyoona aibu sasa. Ungeniambia, ningejua kwamba hata mtu kama wewe huumwa hivi.

Kisha nikakumbuka ulivyokuwa ukijikanda shingo kila ukimaliza kuosha sufuria, nami nikifikiri ni uzito wa kuni. Jiko lilikuwa ukutani tayari, miaka mingi, na bado ilikuwa inakuuma. Hapo hasira ikaniisha, lakini woga haukuisha. Nilielewa kwamba hata mimi huenda nisipone kabisa.

Jiko limerudi ukutani na limekauka, na leo ndiyo siku ya kwanza kuliwasha. Muthokoi iko motoni tangu alfajiri. Mashine ya chipsi nimeifunika gunia. Asubuhi Mama Ciku ameita salamu, nimemjibu, na sikuhesabu malori. Sitaki kukudanganya: nilihesabu mawili, ndipo nikajikamata. Juu ya rafu nimeweka sahani moja ya kungojea muthokoi iive, nimeifunika na nyingine. Katana hajui kuna sahani yake hapa. Sijui hata kama atapita leo, wala kama akipita atatupa jicho upande huu.

Mwaitu, lori limepiga breki huko nje, ule mlio mrefu wa kutoa pumzi. Ni kubwa. Limesimama. Siwezi kujua kama ni upande wetu au ni ng'ambo. Shingo yote inaniwasha. Mlango wa lori umefungwa sasa hivi. Naweka kalamu chini nifunue sufuria niongeze maji, maana maharagwe bado kidogo.

Pumzika, Mwaitu. Nimekusamehe ule upepo.

Ni mimi,
binti yako mwenye shingo yako.