Nimerudi Msibani, Slackware Yangu Haipo

Mpendwa mshauri Mama Apolonia, shikamoo. Naomba msaada wako kabla sijafanya jambo la kijinga, maana nina hasira ya wiki nzima na hapa Bariadi kila ninayemweleza anacheka.

Mimi ni mwanamume mwenye mke na steshenari karibu na stendi, tunachapa barua, kadi za harusi na stakabadhi za hawa wanunuzi binafsi wa pamba, na kazi hii niliianza baada ya kupunguzwa kazini kiwandani, nikanunua kompyuta iliyotumika kwa rafiki yangu Constantine wa Mwanza, naye akaniwekea Slackware badala ya Windows, yaani ile Linux ya kizamani, ya bure, isiyo na madoido, ukiwasha mashine unakutana na skrini nyeusi inayokuuliza jina lako na neno la siri, kisha inanyamaza inangoja uiambie cha kufanya. Mama, niliipenda. Tangu soko huria liingie kila kitu hapa kinabadilika, mnunuzi wa pamba wa mwaka jana siye wa mwaka huu, duka ulilolizoea unakuta limekuwa baa, lakini Slackware ni ile ile niliyojifunza miaka saba iliyopita, kila mpangilio umeandikwa kwenye faili unalolifungua ukalisoma mwenyewe, haimfichi mtu kitu wala haijifanyi inajua kuliko wewe. Tunaoitumia huku tuko wachache, mmoja Shinyanga, Constantine Mwanza, na mimi, tunaandikiana kama ndugu, na hakuna kati yetu aliyewahi kuiacha.

Sasa sikia. Nilikwenda msibani Nkololo, nikamwacha mke wangu Nyanjige dukani na kazi ya kadi za harusi ya binti wa Mzee Selestini, mashine nikiwa nimemwachia imefunguliwa kwa jina langu. Umeme ukakatika ghafla, uliporudi mashine ikataka kwanza diski ikaguliwe, na ili ikaguliwe inadai neno la siri la mkuu wa mashine, ambalo ninalijua mimi peke yangu. Nyanjige akamtuma mtu wa baiskeli mpaka msibani kuja kuniuliza. Mama, neno lile halitolewi ovyo, hasa kwa mtu wa baiskeli, mtumiaji wa kweli yeyote atakwambia hivyo, kwa hiyo nikamjibu, "Mwambie anisubiri." Nilikosea wapi? Harusi ilikuwa ya Jumamosi, mimi ningerudi Ijumaa.

Hakusubiri. Alimwita kaka yake Dastan, mwenye kibanda cha kurekodi kanda, akaja na CD ya Windows aliyodurufu, akafuta diski yote, wakachapa kadi upya kutoka kwenye karatasi ya mteja. Ijumaa naingia dukani nakuta kwenye skrini yangu kuna kilima cha majani na anga la buluu, na Dastan kwenye kiti changu anacheza karata humo humo ndani ya mashine. Vyote nilivyovitengeneza kwa mkono wangu kwa miaka saba, hakuna. Nilimfukuza shemeji, nikamwambia Nyanjige achague kati yangu na huo upuuzi wao, akaniangalia akasema, "Miaka saba nafungua duka hili, mashine yako hainijui hata jina." Akafunga mzigo wake akaenda kwao Nkoma.

Baba mkwe wangu ni mfugaji, mtu wa mila, na mila yetu ni kwamba mke akirudi kwao mume humfuata akiwa na mzee wa upande wake, akalitaja kosa mbele ya wakwe. Juzi ameniletea salamu: "Mwambie mkwe aje anieleze kosa la ng'wanawane, huyu mwanangu, nipo namsubiri." Ninaanzaje kumwambia mzee yule kwamba binti yake ameniondolea Slackware? Na nisipokwenda, Nyanjige harudi. Niachane naye, au nikae kimya mpaka aje mwenyewe kuomba radhi?

Mwenye Hasira, Bariadi. Jina langu usilitaje.

*

Mwenye Hasira, marahaba.

Jina lako umelificha, la mkeo na la shemeji yako umeyaandika bila haya. Nimeyabadilisha, usinishukuru.

Nianze na pale ulipoonewa, kwa sababu umeonewa. Shemeji yako hakuwa na ruhusa ya kufuta kazi ya mtu bila kuinakili kwanza pembeni. Na kitu ulichokitunza kwa mikono yako miaka yote hiyo si cha kuchekwa. Mimi nina cherehani ya mkono ambayo wanangu wananisihi niiuze, na ole wake atakayeigusa.

Huruma yangu inaishia hapo. Mkeo amesimama dukani, mwenye harusi yuko mbele yake, anahangaika kukutumia mtu mpaka Nkololo, na wewe unamjibu akusubiri. Humwamini mtu wa baiskeli, haya, ungeipanda wewe hiyo baiskeli. Lakini mkeo, mwanamke anayekufungulia duka kila asubuhi, hukumwamini kwa lipi?

Nilimuuliza fundi wa kompyuta wa hapa gazetini kuhusu hiyo Slackware yako. Aliisifu mpaka nikamkatiza. Kisha akaniambia jambo ambalo wewe hukuliandika: mashine hiyo inaweza kumwandikisha kila mtu kwa jina lake na neno lake la siri, kwa amri moja, haichukui hata muda wa kunywa chai. Amri hiyo unaijua, baba. Unajigamba kwamba mfumo wako haumfichi mtu kitu, kumbe mfichaji ni wewe. Nyanjige alikwambia mashine haimjui jina. Hayo hayakuwa matusi, alikuwa anakueleza ilivyo.

Kwa hiyo hakuna kuachana na hakuna kukaa kimya. Nenda Nkoma wiki hii hii. Mbele ya baba mkwe usitaje Slackware wala Windows, utamchosha. Sema, "Binti yako aliniomba ufunguo wa duka lake, nikamnyima." Mzee wa ng'ombe atakuelewa mara moja. Akikutoza faini, lipa, usianze kubishana. Dastan mweleze kosa lake baadaye, kwa sauti ya chini, mkiwa wawili.

Mkirudi nyumbani, toa zile CD ambazo Constantine alikuwekea nazo huo mfumo, ninajua bado unazo. Irudishe Slackware yako, sikukatazi. Ila anayekaa kwenye kibodi ni Nyanjige, wewe utakaa kwenye benchi la wateja umwelekeze kwa mdomo. Aanze kujiandikisha jina lake. Mkifika mahali pa kuweka neno la siri la mkuu wa mashine, toka nje, alitunge mwenyewe. Kesho yake asubuhi ukitaka kufanya kazi, mwombe akufungulie. Na akikwambia umsubiri, subiri.