Nimeng'arisha Cherehani, Nikafuta Mkono wa Mtoto

Kwako Shangazi Quinter, naandika nikiwa nimekalia sanduku la spea kwa sababu kiti cha nyumba kimekaliwa na hii mashine yenye imeniletea maneno, na naomba unijibu kwa gazeti kabla mwezi uishe, ukichelewa usijisumbue, nitakuwa nimetoroka kwenda Loki, huko mpakani Kenya, na miguu.

Mimi naitwa Linus, ni Mkenya, nilikuja Juba amani iliposainiwa, wengine walikuja na benki, wengine na NGO, mimi nilikuja na bisibisi. Kazi yangu ni kufufua cherehani za zamani, zile nyeusi za kuzungusha na mkono zenye zinakaa kama paka amekunja mgongo. Nazitengenezea hapa kwa nyumba, mtaa wa Hai Malakal, ziko saba, kitanda ni kimoja, na mimi ndiye napanga laini ya kulala. Shule niliacha darasa la tano lakini nipe mashine imekwama miaka kumi, naiogesha mafuta ya taa, nafungua skrubu moja moja, nailainisha, naipiga rangi, yale maua ya dhahabu nayarudishia na burashi ndogo, mpaka mwenyewe akikuja anaipita akiuliza yake iko wapi. Hiyo ndiyo sifa yangu huko soko la Konyo Konyo, ati Linus anakurudishia mashine ikiwa bibi harusi. Shangazi, hiyo sifa ndiyo imenimaliza.

Mwezi jana msichana anaitwa Achok, anakaa Nyakuron, amelelewa kambi ya wakimbizi ya Kakuma kwa hivyo Kiswahili chake ni cha kwetu kabisa, aliniletea cherehani ya mama yake. Huyo mama aliibeba kwa kichwa wakati wa vita, akatembea nayo mpaka Kakuma, na huko Kakuma ndiko alifariki. Achok aliniambia kitu moja tu, "Fundi, nataka ishone vile ilikuwa inashonea mama." Nikamwambia, dada, hii nitairudisha mpaka mama asikie wivu huko aliko. Akacheka. Mimi mteja akicheka najua kazi ni yangu.

Ndani haikuwa mbaya, kutu na uzi umejisokota tu. Lakini ule ubao wa chini, kwa ukingo, ulikuwa na mikato mitatu ya kisu. Nikasema hizi ni kazi za watoto wakorofi ama panya, sikuuliza mtu, nikapiga msasa mpaka ubao ukawa laini kama shavu, nikapaka vanishi mara mbili, nikakaa naangalia kazi yangu nikijipigia makofi peke yangu.

Juzi Achok akanipigia simu na furaha nyingi. "Fundi, ndugu yangu Bior anakuja kutoka Nairobi mwisho wa mwezi, tutakuja na yeye kuchukua mashine. Hajaiona tangu tuzike mama. Zile alama kwa ubao uliziona?"

Nikamuuliza, "Alama gani?"

"Mama hakujua kusoma namba. Alikuwa anatupima kwa ule ubao. Kutoka kona mpaka mahali amekata ni mkono wako, bega mpaka kiganja, ndiyo akate shati. Ile ya mbali ni ya Bior, inayofuata ni yangu, na ile iko karibu na kona ni ya mdogo wetu. Yeye alichukuliwa na mto tukiwa njiani. Picha yake hatuna, Fundi, kaburi hatuna. Iko hapo tu. Bior alikuwa anaweka kidole hapo, anakaa hivyo."

Na mimi na huu mdomo wangu nikasema, "Hakuna shida, dada, ziko."

Ziko wapi, Shangazi? Ziko kwa sakafu, nilizifagia na vumbi la msasa.

Jirani yangu Fortunato, ni seremala, nilimwambia akanicheka. "Ya zol, wewe mtu, unalilia mbao? Chukua kisu, kata tatu, paka mafuta machafu na vumbi. Kwani kuna mtu alipima na rula?" Nikajaribu kwa kipande cha mbao, ikatoka kama ya ukweli kabisa mpaka nikaogopa. Nikaweka mkono wangu hapo nikajiuliza, yule mtoto aliishia wapi, hapa ama hapa? Nikikosea hata upana wa kidole kimoja nitakuwa nimempatia mkono wenye hakuwahi kuwa nao. Tangu hiyo siku sijagusa mashine yoyote, hata utani ukitoka unatoka umekauka. Fortunato anasema ukweli utamuumiza huyo msichana bure na uwongo hautamwuma mahali. Nikate ama nisikate?

Linus, Hai Malakal.

SHANGAZI QUINTER ANAJIBU:

Usikate. Weka kisu chini, halafu uendelee kusoma.

Pole, Linus. Naona umeumia, na mtu ambaye hajali hawezi kupima mkono wa mtoto wa wenyewe na mkono wake akaogopa. Lakini pole yangu inaishia hapo. Msasa ulikuwa kosa la fundi mwenye haraka ya kusifiwa, na kosa kama hilo mtu anaweza kulisema. "Ziko" uliyosema kwa simu ni kitu kingine. Hapo hukukosea, hapo ulidanganya mtu aliyefiwa, na sasa unataka kuudanganya pia mkono wa ndugu yake. Bior ataweka kidole kwa mkato wako akidhani yuko na mdogo wake, na utakuwa umesimama pale ukimwangalia. Utaweza? Fortunato hatakuwepo.

Kwa hivyo fanya hivi. Gazeti hili likikufikia, panda boda siku hiyo hiyo uende Nyakuron. Usimwite Achok kwako, usimwambie kwa simu, na mashine uiache nyumbani, usiende kuilaza mbele yake ikimetameta. Mwambie kwa maneno machache: niliziona, sikuuliza, nilizifuta, halafu nikakudanganya. Kisha nyamaza. Utani wako uuache kwa boda. Akilia, akikutusi, akikufukuza, ni haki yake, na pengine hatakusamehe, hata mimi siwezi kukuahidi hilo.

Ubao usiuguse tena. Wakitaka ubaki mtupu, ubaki. Wakikumbuka mkato ulikuwa wapi, kisu kishikwe na wao wawili. Kile kipande ulichojaribia kitie kwa jiko leo. Na kuanzia sasa, kabla ya msasa kugusa mashine ya mtu, weka kidole kwa kila mkwaruzo umuulize mwenyewe, hii ni nini?

Majina yenu nimeyabadilisha yote, lako, la Achok, la Bior, hata la huyo seremala. Sikufanya hivyo kwa kukuhurumia, nilitaka Achok asisome habari hii gazetini kabla hajaisikia kwa mdomo wako. La yule mtoto tu ndilo sikuwa nalo nilibadilishe. Umeandika barua ndefu hivyo na hujaliandika mahali popote, maana hukuuliza.

Nenda. Na ukimaliza kusema, kama bado anakusikiliza, muulize mdogo wao alikuwa anaitwa nani.