Paa la Kliniki na Moyo wa Daudi

Jumanne. Upepo umeamka kabla yangu. Vumbi limeingia mpaka kwenye sufuria ya chai, na angani hakuna hata kiwingu. Mtu wa bustani kama mimi alipaswa kulalamika. Leo naomba mvua ichelewe, maana kadiri inavyokaribia ndivyo Daudi anavyozidi kung'ang'ania lile jengo.

Kwa anayepita hapa kwa mara ya kwanza: tuko watatu. Dokta Halima ni daktari wa moyo. Daudi ni msanifu majengo. Mimi nashughulika na kila kilicho nje ya kuta: miti, vivuli, njia za wagonjwa, maji ya mvua yaelekee wapi. Tunajenga kliniki ya moyo njia ya kwenda Sepuka, ili mtu wa Ikungi asilazimike kusafiri mbali kuulizia kifua chake. Upande mmoja umekamilika. Upande mkubwa una kuta tu, na mbao za kenchi, zile za kubeba paa, zimelala chini zikingoja kupandishwa.

Daudi ana tabia yake. Hakubali chumba mpaka alale pale mgonjwa atakapolala, atazame dari, asikilize mlango unavyofungwa. Mashine ya eko ilipofika, ile inayoonyesha moyo ukidunda kwenye skrini, alivua viatu akapanda kitandani. "Dokta, ijaribu kwangu, nione kama hii taa inaumiza macho." Tukacheka. Halima akampaka jeli kifuani huku akimtania kwamba huenda asikute moyo humo ndani.

Halafu Halima akaacha utani, akasogeza uso karibu na skrini.

Valvu moja, kilango cha damu moyoni mwa Daudi, imekaza, damu inapita kwa taabu. Halima anasema ni ya kubadilishwa, na si jambo la kungoja. Amemhangaikia mpaka akapata nafasi ya upasuaji Dar es Salaam, Jumatatu ijayo. Ikipita hiyo, hajui nyingine itapatikana lini, wala hajui kama moyo wenyewe utasubiri.

Daudi amekataa. Anasema atakwenda paa likishaezekwa, kwa sababu kuta zikinyeshewa kazi yote imekwenda na maji. Ukweli ni kwamba anaogopa. Kaka yake alitoka Mitundu kwenda kupasuliwa akiwa anatembea kwa miguu yake, akarudishwa kwenye jeneza. Paa ni kisingizio, lakini kisingizio chenye mabati na misumari si rahisi kukipuuza.

Kazini tuna sheria moja, na aliyeitunga ni yeye: kila mtu ana neno la mwisho kwenye fani yake. Halima akisema mlango wa wodi uwe mpana, unakuwa mpana. Nikisema mti haukatwi, haukatwi, hata kama umesimama katikati ya mchoro wa Daudi. Jana Halima akamkumbusha: "Daudi, moyo ni fani yangu. Neno la mwisho ni langu."

Hata macho hakuinua. "Mioyo ya watu ni yako, Dokta. Huu ni wangu."

Halima akatoka nje. Nikamkuta kwenye miche yangu ya mwarobaini, analia kwa hasira. Daktari wa moyo analia, na mimi nimeshika mpira wa maji. Nikaendelea kumwagilia.

Sina msaada wowote. Naandika hivyo bila aibu.

Mke wa Daudi, Mama Eliya, amemlilia, amemfokea, amemletea mchungaji nyumbani. Mchungaji alikunywa chai, akaonyeshwa ramani ya paa, akaaga. Mimi mwenyewe nilitaka kumwambia Daudi kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Msemo huo nimeutumia maisha yangu yote kwa watu wabishi. Ulipofika mdomoni nikasikia kilichomo ndani yake, nikaumeza.

Leo mchana nikamfuata kwenye jengo. Alikuwa amekaa juu ya mbao, anahema, mkono kifuani, anajifanya anakagua misumari. Nikaropoka: "Nenda Dar. Paa nitalisimamia mimi." Mimi, ambaye kenchi naijua kwa jina tu!

Alicheka mpaka akakohoa. "Mama Bustani, utaezeka kliniki au utapanda maua juu yake?" Kisha akafuta macho, akakunjua mchoro magotini. "Haya, njoo ukae hapa."

Amenifundisha mpaka jua likaanza kushuka. Upande gani upepo wetu unashambulia kwanza, mabati yalaliane vipi, fundi gani ana haraka na asiachiwe peke yake kwenye kona. Hajawahi kunieleza kazi yake kwa upole namna ile. Nilipomuuliza, "Na Jumatatu?" akasema, "Sikiliza kwanza hapa kwenye mfereji."

Halima amepiga simu akitaka kujua kama nimemshawishi. Nimemwambia sijui, na ndiyo kweli.

Huenda ananikabidhi paa ili aende Dar akiwa na amani. Huenda ananikabidhi ili akianguka pale juu kazi isisimame. Nilimtazama usoni kutafuta jibu, nikaona mwalimu tu. Kama anajiandaa kwenda, inanibidi nielewe haraka, kabla ya Jumatatu. Kama anajiandaa kufa, inanibidi niwe mzito wa kuelewa, niulize yale yale kila siku, asipate nafasi ya kuniachia chochote.

Kesho asubuhi atakuwa ananingoja kwenye zile mbao. Niende nikiwa mwanafunzi wa namna gani?