Babu, Umesimama Makumbusho

Mpendwa Babu,

Shikamoo. Kuanzia Magarini mpaka Malindi mjini hakuna fundi wa kuchonga anayenifikia, na wanaobisha wana wivu. Shule niliiacha darasa la saba, lakini juzi wenye digrii walipanga foleni wapigwe picha na kazi yangu. Ungekuwepo ungenizaba kofi la kisogo, useme, "Punguza mdomo, shika patasi."

Patasi ni ile yako. Unakumbuka ulivyonikalisha uani nikate pembetatu kwenye vibao, nikipinda mstari unavitupa jikoni vipikiwe sima? Nilikuwa nakununia. Sikujua kumbe ndiyo shule yenyewe.

Basi wenye makumbusho ya hapa mjini waliita vijana tutengeneze maonyesho kutokana na vitu vyao vya kale. Wenzangu wakakimbilia masahani ya Kichina. Mimi moja kwa moja kwenye vigango, nguzo za marehemu wetu, vile vilivyoibwa vijijini kwetu vikauzwa ng'ambo, vikarudishwa bila mtu kujua vilisimamishiwa mababu gani. Nikachonga changu, kirefu kunishinda. Cha maonyesho tu, Babu. Hakikuwa cha mtu.

Siku ya ufunguzi nikamleta Hawe, mkeo, aone mjukuu wake alivyo mtu mzito. Akakizunguka. Miaka yote hii anangoja umjie mmoja wetu ndotoni udai kigango chako, maana marehemu asipodai hasimamishiwi. Akanishika mkono, akaniita vile anavyonitania siku zote.

"Mume wangu, amekujia?"

Watu wananitazama, Hawe machozi yanamlengalenga. Nikasema, "Ndiyo, Hawe. Amenijia."

Akachana leso yake, akakifunga kigango shingoni. Kesho yake akaja na mnazi kwenye kibuyu. Mlinzi akamwambia vinywaji haviingii humu, naye akamwambia atulie, hakuja kumnywesha yeye. Akamwaga pale chini. Sasa huja kila Ijumaa kukupa habari za nyumbani, nani kaoa, mbuzi gani kazaa, na mimi ananisema kwako kwamba naringa.

Sasa maonyesho yanahamia Mombasa, na jina langu litaandikwa kubwa mlangoni. Hawe anasema kigango kikishasimama hakihamishwi, watakaokibeba wambebe na yeye. Msimamizi ananiuliza mimi, Hawe ananitazama mimi. Nikikipeleka, nina tofauti gani na wale wezi? Nikisema ni gogo tu, sijui ile leso nitamrudishia kwa uso gani. Kichwa kimenivurugika, Babu. Hata mimi nikipita pale peke yangu nakiamkia.

Lakini hukunijia. Tangu tukuzike sijakuota hata mara moja. Siku hizi nalala mapema, nangoja.

Ni mimi,
mjukuu wako