Kitanda cha Mama Hakikuvuka Mstari

Ni mwaka mmoja sasa, Mama yetu Keziah Ballard, tangu homa ya mapafu ikuchukue asubuhi ile ya Aprili, wiki chache tu kabla ya miaka mitano ya shamba lako kutimia. Nyumba haijazoea. Kahawa bado tunaiweka motoni mapema, kana kwamba utakuja kuionja na kusema ni maji ya kufulia soksi.

Ulitoka Ohio na maksai wawili na mume mmoja. Baba yetu Orrin ukamzika njiani, kando ya Mto Platte. Watu wakakwambia urudi kwenu. Ukawajibu, "Nimwache Orrin peke yake huku, mtu asiyejua hata kuchemsha yai?" Ukafunga maksai, ukaendelea.

Hapa Nebraska wewe na Shangazi Lovina, dada yake Baba, mlichukua mashamba yanayopakana. Sheria ilitaka kila mmoja alale juu ya ardhi yake miaka mitano ndipo apewe hati, na nguvu mlizokuwa nazo ni za nyumba moja. Mkaijenga juu ya mpaka, kwa mabonge ya udongo na nyasi zake. Mstari wa chokaa ukapita sakafuni, chini ya meza: kitanda chako huku, cha wifi yako kule.

Na paa, kwa utani wake, likavuja upande wako tu.

"Wifi, sogea huku pakavu, utaota uyoga!"

"Pakavu ni kwako. Mimi nalala kwangu."

"Ukaidi huo utakuua."

"Basi nitafia kwangu."

Ukafungua mwavuli wa Baba, ukalala chini yake. Jumapili uliwasimulia watu kanisani, ukacheka kuliko wote.

Ulipenda watu, Mama. Siku za kushona mablanketi ya viraka walijaa wanawake mpaka mlangoni. Fremu ya kushonea ikishushwa kutoka darini hapakuwa na pa kuweka mguu, kwa hiyo mlisukuma kitanda chako upande wa Shangazi. Kazi ikiisha, kinarudi. Siku moja Bwana Elbridge Pruitt alikuja kumchukua mkewe. Akala mkate wako wa mahindi vipande vitatu, kumbe macho yake yako kitandani.

Kaburi lako halijaota nyasi, akaenda ofisi ya ardhi kuapa kwamba ulikuwa unalala kwa wifi yako. Kwamba shamba halikuwa lako, kwa hiyo si letu, na yeye yuko tayari kulichukua. Kaka Alonzo alianza kufunga vyombo. Mimi nililia, kisha nikafanya kitu ninachokiweza: nikazunguka nyumba hadi nyumba, nikisema alichoapa.

Siku ya kusikilizwa, ofisi ya ardhi ilitaka mashahidi wawili. Walikuja kumi na mmoja, na wa kwanza kusimama alikuwa Bi Pruitt mwenyewe.

"Mume wangu aliona kweli," alisema. "Ila kitanda tulikisukuma sisi. Na tulikirudisha sisi, mimi nikishika upande wa miguu, yeye yuko nje anafunga farasi."

Afisa akauliza, "Na siku nyingine? Nani anajua alilala wapi?"

Bibi Hruby, jirani yetu Mcheki, akasimama na fimbo yake. "Mwanangu, mvua ya siku tatu ilinikuta pale. Nililala naye kitanda hicho, mwavuli huohuo. Sikio hili la kushoto mpaka leo lina maji ya Keziah. Njoo usikilize!"

Karani aliweka kalamu chini ili acheke vizuri.

Hati imefika mwezi uliopita, Mama. Shamba ni la wanao. (Bwana Pruitt tunasikia siku hizi anajipikia. Sisi hatusemi kitu.)

Sasa hakuna sheria inayomlazimu mtu kulala upande wako. Mimi nalala pale. Mvua ya juzi ilipoanza kudondoka, Shangazi akaniita, "Mwanangu, sogea huku pakavu." Nikafungua mwavuli. Akaguna, halafu nikamwona anavuka mstari na mto wake kwapani.

"Nipishe," akasema. "Miaka mitano nilikuwa namwonea gere."

Unakumbukwa na wanao Orpha na Alonzo. Mkwe wako Tabitha, mke wa Alonzo, ambaye mwezi wa saba atakuletea mjukuu wa kwanza kuzaliwa kwenye ardhi yako. Wifi yako Lovina. Na Bibi Hruby, anayesema naye aandikwe kama ndugu. Jumamosi fremu inashushwa. Majirani wote karibuni, kahawa ipo, na kitanda mtakisukuma wenyewe.

Hutatutoka moyoni, Mama, jua liwake au paa livuje.