Tawi Bovu

Baba yangu mpendwa, shikamoo.

Naamini barua hii inakukuta umekaa kibarazani na patasi yako, mgongo ukikuruhusu. Unalalaje siku hizi? Ile dawa ya kuchua niliyomtumia Mama imesaidia, au mmeifungia kabatini kama ile ya mwaka jana? Mimi sijambo, ila mkono wa kulia umevunjika. Ndiyo maana mwezi mzima nakataa simu za video nikisingizia mtandao, na ndiyo maana mwandiko umepinda hivi, naandika kwa kushoto. Mama usimwambie kwanza.

Sikuumia kazini. Niliumia mchezoni, na utacheka. Huku Ufini watu wazima na ndevu zao wanaingia msituni kurusha visahani vya plastiki. Mbele kuna kikapu cha minyororo kwenye nguzo, na anayekifikia kwa mirusho michache ndiye mshindi. Wenzangu wa hotelini ninakoosha vyombo walinichukua Jumapili moja. Miti imesongamana, kisahani changu kikawa kinagonga kila shina, wakanicheka mpaka basi. Lakini Baba, kule kutembea kikapu hadi kikapu, kila kimoja na namba yake, nilijiona nakufuata tena kukagua mizinga ya nyuki porini Ipole. Nilifurahi kweli, mara ya kwanza tangu nije.

Kwenye kikapu cha saba, kisahani cha Mika kikanasa juu ya msonobari. Mika ndiye rafiki yangu, tunaosha vyombo pamoja. Wakaanza kukirushia vijiti. Nikasema, aa, mtoto wa mrina asali nishindwe na mti? Nikavua viatu, nikapanda. Nilikuwa nimeshakishika. Mika kwa furaha akatoa simu anipige picha, akaita: "Maganga! Angalia huku!"

Nikageuka.

Angejuaje yule? Kwao nani amfundishe kwamba aliye juu ya mti haitwi jina, anapigiwa mluzi mmoja na kusubiriwa? Mimi ulinifundisha.

Daktari anasema mkono utachukua miezi, na mkataba wangu unaisha kabla ya hapo. Naogopa, Baba. Naogopa kurudi mikono mitupu, tena mmoja mbovu.

Msalimie sana Mama. Msalimie dada Nyamizi na shemeji huko Igalula, na shangazi wa Chemchem, mwambie kofia aliyonishonea naivaa hata ndani ya nyumba kwa baridi hii.

Nilitaka kuishia hapa, nimeshindwa. Siku matokeo yangu ya kidato cha nne yalipotoka, nilikimbia kutoka kijijini hadi porini kukuletea habari. Ulikuwa juu ya ule mninga, kwenye mzinga mkubwa, majani yamekuficha. Sikupiga mluzi. Furaha ilinipanda kichwani, nikapaza sauti: "Baba! Nimefaulu!" Nikaona unaanguka. Tulikuwa wawili tu. Walipokuja kukubeba uliwaambia tawi lilikuwa bovu, na mpaka leo hujasema lingine. Kesho yake nilirudi kuliangalia. Lilikuwa palepale, zima kabisa. Miaka yote hii najifariji kwamba hukunisikia, kwamba uliteleza tu, ukaona aibu mrina asali kuteleza. Sijawahi kuthubutu kukuuliza.

Sasa Mika anakuja kila jioni kunipikia na kunifungia vifungo vya shati. Juzi akaacha sufuria jikoni, akakaa kitandani kwangu, akalia. "Ni mimi niliyekuita," akasema. Nikamjibu hapohapo, bila hata kufikiri: "Wala, Mika. Tawi lilikuwa bovu."

Neno liliponitoka mdomoni ndipo nikajua, Baba, kwamba siku ile ulinisikia.

Nisamehe.

Mwanao,
Maganga