Makubazi ya Kongamano

Shikamoo dada Mwanaidi,

Tanga joto kali, na mdogo wako anachechemea. Kwenye kongamano letu la wataalamu wa kanzidata tumegawiwa makubazi, yote ya rangi moja. Jana asubuhi niliuhutubia ukumbi mzima kwamba kila kitu sharti kiwe na alama yake, kisije kupotelea kwenye vinavyofanana nacho. Mchana tukaenda sala ya Ijumaa. Tulipotoka, makubazi yetu yalikuwa lundo moja mlangoni, na yangu sikuyafunga hata uzi. La kulia nililopata linanibana, la kushoto linanipwaya.

Leo nimemwona mwenyekiti wetu naye anachechemea. Nikaficha miguu chini ya meza.

Nisalimie shemeji na wanao, Mungu awatunze. Niombee, dada, kesho nahutubia tena, na mwenyekiti hukaa mbele kabisa.

Mdogo wako, Hamadi